Taa ya Breki: Swichi Mbili, Globu Moja

Nyumba nyingi za kwetu zina pikipiki, na wasio nayo hupanda za kukodi. Kwa hiyo yafaa sote tujue jinsi ya kutambua swichi mbovu ya breki ya nyuma na kuweka nyingine. Naanza kwa kosa langu mwenyewe.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kalenga. Baba hupeleka nyanya Iringa mjini kwa pikipiki, mwendo wa kilometa 15 hivi. Kila alfajiri hushika breki, nami husimama nyuma kutazama taa. Nikisema, "Inawaka, baba," huondoka. Siku moja alikuwa akirudi na mama. Katika mteremko mbuzi akakatiza njia, baba akakanyaga breki ya mguu. Gari lililokuwa nyuma halikupata ishara yo yote, likawakwepa kwa shida hata likaingia mtaroni. Dereva akashuka akitetemeka, akasema, "Mzee, taa yako haikuwaka!" Baba akajibu, "Kijana wangu ameitazama asubuhi." Nilipohadithiwa habari hiyo jioni sikuwa na la kusema.

Tupige hesabu. Chombo kiendacho kilometa 50 kwa saa hukata mita 14 hivi kwa kila sekunde. Dereva wa nyuma akichelewa sekunde moja tu kutambua kwamba wa mbele anasimama, amekwisha kwenda mita hizo zote kabla ya kushika breki.

Je, nilisema uongo asubuhi ile? La. Taa iliwaka kweli, lakini baba alikuwa ameshika breki ya mkono tu. Pikipiki ina swichi mbili za taa ya breki: moja kwenye mkono wa breki ya mbele, na ya pili karibu na pedeli ya mguu wa kulia. Zote mbili hupeleka umeme kwenye globu ile ile moja. Ni kama nyumba yenye milango miwili: mmoja ukikwama, wa pili bado wafunguka, na aliye nje hajui kasoro.

Swichi ya nyuma ni kitu kidogo chenye nyaya mbili na springi. Ukikanyaga pedeli, springi huvutwa, shaba za ndani hugusana, umeme hupita. Vumbi na maji ya matope yakiingia, shaba hizo hushika kutu na umeme hukatika.

Kutambua ubovu kuna hatua tatu. Kwanza, fungua ufunguo, kisha shika breki ya mkono peke yake. Taa ikiwaka, globu na fyuzi ni nzima. Pili, achia mkono, ukanyage pedeli peke yake. Isipowaka, tazama kama springi imechomoka au imelegea. Tatu, springi ikiwa salama, chomoa soketi ya swichi, uunganishe matundu yake mawili, upande uendao kwenye taa, kwa kipande kifupi cha waya. Taa ikiwaka, swichi ndiyo mbovu. Isipowaka, usinunue swichi. Tafuta waya uliokatika.

Pikipiki ya baba iliwaka katika hatua ya tatu. Basi tulifanya hivi. Tulifunga ufunguo, tukangoja bomba la moshi lipoe, kwa kuwa liko upande huo huo. Tukafuta matope, tukachomoa springi, tukalegeza nati na kutoa swichi. Baba aliichukua kwenda nayo dukani ili apate iliyo sawa nayo, maana hazifanani zote. Tukatia mpya, tukarudisha soketi na springi.

Hapo kazi haijaisha. Kubwa ni kurekebisha. Anza na breki yenyewe, kwa sababu viatu vya breki vikilika pedeli hushuka zaidi, na kipimo cha swichi hubadilika. Kisha zungusha nati, huku umeishika swichi isizunguke, ama sivyo nyaya zitajisokota na kukatika. Swichi ikipanda juu, taa huwaka mapema, ikishuka, huchelewa. Yatakiwa iwake mara breki inapoanza kushika, na izimike mara uachiapo pedeli. Taa iwakayo wakati wote ni hatari kama isiyowaka, kwa kuwa wa nyuma hawezi kujua ni lini unasimama.

Tangu siku hiyo, asubuhi baba hushika mkono, nami nasema, "Mkono unawaka." Huachia, akakanyaga, nami nasema, "Mguu unawaka." Nilipoondoka kurudi shuleni nilimfundisha mdogo wangu maneno hayo mawili, na kwamba asiseme la pili kabla ya kuliona.

Wenzangu, wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mkienda likizo, msiulize tu kama taa inawaka. Ulizeni imewashwa na breki ipi.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV