Mzee Kachelewa Kubonyeza, Hamu Anayo

*Ninasoma saikolojia, mwaka wa tatu, na kwetu ni Mbinga. Kwa utafiti wangu wa kumalizia chuo natengeneza jaribio la kompyuta la kupima jinsi mtu anavyoitarajia zawadi na anavyojituma kuipata. Nataka kulinganisha wakulima wa kahawa wa huku juu na wavuvi wa Mbamba Bay. Nimeanza kujaribu nyumbani: mtu anaona duara lenye kiasi cha fedha, anasubiri, kisha mraba ukitokea anagusa skrini haraka. Vijana wanagusa upesi, wazee wanachelewa sana. Mwenzangu darasani anasema hiyo ni dalili kwamba wazee hawana motisha. Moyo wangu unakataa, ila hoja sina. Nifanyeje?*
*Msomaji, Mbinga*

Mwanangu, moyo wako umekuambia kweli. Mtu anayelima ngoro kwenye miteremko ya Umatengo, akafyeka majani, akayapanga, akayafukia kwa udongo, akapanda maharage na kungoja zamu ya mahindi msimu unaofuata, haambiwi hana motisha eti kwa kuwa kidole chake kimechelewa nusu sekunde kwenye kioo. Hapo ulichopima ni kidole na kioo. Safari ijayo kaa ubavuni mwa mzee mmoja, usitazame skrini, tazama mkono wake. Kidole kilichokomazwa na mpini wa jembe mara nyingi hugusa kioo kisisikike. Mwenyewe anashangaa, anarudia kwa kukandamiza, na programu inaandika kwamba amechelewa.

Kwa hiyo achana na kugusa. Kituo cha utafiti cha Busara cha Nairobi kimewapimia watu wengi wa mitaa kama Kibera kwa skrini za kugusa, na hilo linafaa pale mtu anapochagua kati ya hiki na kile kwa nafasi yake. Wewe unahesabu milisekunde. Tumia laptopu, funika kibodi yote kwa kadibodi, bakiza kitufe kimoja tu, kile kirefu cha chini, ukibandike karatasi ya rangi. Tumia mashine hiyohiyo kwa kila mshiriki, ikiwa na chaji ya kutosha, maana betri ikishuka mashine nyingi hujipunguzia kasi. Kumbuka pia kwamba skrini nyingi za laptopu hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 16 na ushei, hivyo usijenge hoja juu ya tofauti ndogo kuliko hapo. PsychoPy ni programu ya bure, na ukishaiweka haihitaji intaneti.

Sasa tuje kwenye hoja uliyoikosa. Usimlinganishe mzee na kijana. Mlinganishe mzee na yeye mwenyewe. Jaribio unaloliiga lilitangazwa na Brian Knutson na wenzake huko Marekani mwaka 2000, na nguvu yake iko hapo. Raundi nyingine duara linaahidi fedha, nyingine umbo jingine linasema hapa hakuna kitu, ila bonyeza vilevile. Raundi hizo unazichanganya bila mpangilio wa kutabirika. Kipimo chako ni tofauti kati ya mwendo wake penye zawadi na mwendo wake pasipo zawadi. Mzee anayebonyeza kwa milisekunde 700 pasipo kitu na 600 penye fedha ana hamu kuliko kijana anayebonyeza kwa 300 kote kote. Katika maelezo yako sikuona raundi zisizo na zawadi. Bila hizo huna utafiti.

Knutson aliongeza jambo jingine ambalo usiliache: programu humsoma kila mshiriki na kurefusha au kufupisha muda wa alama kukaa kwenye skrini, hadi kila mtu ashinde karibu theluthi mbili ya raundi. Mwepesi asishinde zote, mzito asishindwe zote. Anayeshindwa mfululizo huacha kutarajia, na wewe utadhani hakuwahi kutarajia. Muda wa kusubiri nao uubadilishebadilishe, watu wasije wakabonyeza kwa mazoea ya mdundo.

Kwa nini tunasumbuka hivi na kile kipindi cha kusubiri? Kwa sababu kutaka kitu na kukifurahia kikishafika ni mambo mawili. Wolfram Schultz aliwachunguza nyani katika miaka ya 1980 na 1990, akaona kwamba seli za ubongo zinazotoa dopamini mwanzoni huamka nyani anapopata tone la juisi asilolitegemea. Akishazoea kwamba taa hutangulia juisi, seli huamka kwa taa, na juisi yenyewe haiziamshi tena. Taa ikiwaka na juisi isije, seli hupoa chini ya kawaida yake. Matarajio hujengwa na ahadi iliyotimizwa mara nyingi.

Na hapa, mwanangu, ndipo Mbinga inapokudai umakini kuliko kitabu. Mkulima wa kahawa anapeleka mzigo chama cha msingi, anapewa stakabadhi, kisha anasubiri mnada. Anajua vizuri kwamba fedha iliyotajwa na fedha iliyo mkononi hazijakutana bado. Ukimwekea duara lenye maandishi "Sh 500" bila yeye kuona mtu akilipwa, utakuwa unapima anavyokuamini. Basi anza na raundi za mazoezi, na mwisho wa mazoezi mlipe alichopata hapohapo, mkononi au kwenye simu, ujumbe uingie akiwa bado kwenye kiti. Ndipo jaribio lenyewe lianze. Likiisha muulize waziwazi kama aliamini kwamba angelipwa, na uliandike jibu lake pamoja na takwimu zake.

Wilaya yako inao ushahidi mkubwa kuhusu motisha. Mbinga ilikuwa miongoni mwa wilaya 10 za mradi wa KiuFunza, ambao shirika la Twaweza liliuendesha mwaka 2013 na 2014 katika shule 350. Shule nyingine zilipewa ruzuku, nyingine walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu waliahidiwa malipo kwa kila mwanafunzi atakayefaulu, nyingine zilipata vyote viwili, na nyingine hazikupewa kitu ili ziwe za kulinganishia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Ruzuku peke yake haikuinua ufaulu, ahadi ya malipo peke yake ilisuasua, na zilizopata vyote viwili zikapanda vizuri. Mpe mwenzako wa darasani habari hiyo aisome. Mtu mwenye hamu asiye na nyenzo, kwa nje hufanana na asiye na hamu.

Ukitaka kupima kujituma, si kutarajia tu, lipo jaribio la Michael Treadway na wenzake la mwaka 2009: mtu anachagua kazi nyepesi yenye fedha kidogo au kazi nzito yenye fedha nyingi. Kazi nzito ni kubonyeza mara 100 ndani ya sekunde 21 kwa kidole cha mwisho cha mkono asioutumia zaidi. Kidole hicho kwa mvuvi anayevuta kamba za nyavu si sawa na cha karani. Pima kwanza uwezo wa juu wa kila mmoja, halafu uzito wa kazi uutoe kwenye uwezo wake.

Kuhusu kulinganisha wakulima na wavuvi, nakusihi uache. Wanatofautiana kwa lugha, umri, usingizi, mwezi na msimu, na hutajua kipi kimeleta nini. Wavuvi wa usipa, dagaa wa ziwani, hukesha na taa zao siku za giza. Ukimkuta mvuvi asubuhi yake utapima uchovu. Afadhali uchukue watu walewale mara mbili. Wakulima, kabla ya malipo ya kahawa na baada yake, uone Sh 500 ileile inavyobadilika uzito. Au wavuvi wa Mbamba Bay na Liuli, wakati wa giza na wakati wa mbalamwezi, saa ileile ya mchana, wakiwa wameshalala. Nusu ya wavuvi waanze na kipindi kimoja na nusu na kingine, ili mazoea ya mashine yasikudanganye. Maelekezo yawe ya picha na sauti, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, Kimatengo huko juu, Kinyasa au Kimpoto kule ufukweni.

Usiwe na raundi za kumnyang'anya mtu fedha aliyokwisha kushinda, hata kama vitabu vinazo. Kibali cha maadili cha chuo kitangulie, barua zifike kwa mtendaji wa kijiji, na kila mshiriki ajue anaweza kuinuka na kuondoka na alichopata. Mtendaji mwenyewe, ukishamshukuru, mwombe asikae chumbani. Mbele yake watu watabonyeza haraka penye zawadi na pasipo zawadi, na ile tofauti unayoitafuta itapotea yote.