KUTOA PASIPO KUNGOJA MALIPO

Masomo: 1 Wafalme 17:8-16, 2 Wakorintho 8:1-9



Wazee wetu wa Ugogo waliiita njaa kuu ya miaka ya 1917 hadi 1920 kwa jina la Mtunya, yaani kugombania. Wakati wa vita, majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Kisha mvua ikakosa. Watu wengi mno walikufa. Jina hilo latukumbusha kwamba njaa hufunua yaliyomo moyoni.

Mjane wa Sarepta naye alikuwa katika njaa. Alibakiwa na konzi moja ya unga na mafuta kidogo, na Eliya akamwomba mkate kabla yeye na mwanawe hawajala. Tuangalie vema: mjane huyu hakutoa masazo. Alitoa chakula cha siku hiyo hiyo.

Je, sisi wa Mkonze tunatoaje? Sikukuu ya mavuno ikifika, mtama mzuri twauweka ghalani, na uliotobolewa na wadudu twaupeleka kanisani. Tukimpa jirani debe la uwele mwezi wa Februari, twangoja aje kutulimia. Hiyo si sadaka, ndugu, ni mkopo.

Mtume Paulo atuonyesha mambo matatu kwa Wakristo wa Makedonia:

1. Walitoa wakiwa maskini, hawakungoja kutajirika.
2. Walitoa kwa hiari, hata wakaomba wenyewe washirikishwe.
3. Walianza kwa kujitoa nafsi zao kwa Bwana.

Hili la tatu ndilo shina. Aliyekwisha kujitoa mwenyewe hawezi kulilia debe. Na wote twamfuata Kristo, aliyekuwa tajiri akawa maskini kwa ajili yetu.

Hatusemi mzazi awanyime watoto wake chakula ili asifiwe kanisani. Twasema jirani mwenye njaa ahesabiwe tangu siku ya kupima nafaka, si baada ya ghala kubaki makapi.

Jambo la kufanya: Kila nyumba itenge kitu kizuri, ikipeleke kimya kimya kwa mtu asiyeweza kurudisha (Luka 14:12-14).

Maswali ya kujadili nyumbani:

1. Ni nani karibu nasi aliyepunguza mlo wake, nasi hatujui?
2. Wajukuu wetu nao wataipa miaka yetu jina. Je, wataiita kugombania, au kugawana?