USITUKANE MZIGO ULIO NAO DUKANI: SOMO KUTOKA KWA BOSI WA NOKIA

Somo la leo ni refu kidogo, ila lisome mpaka mwisho kwa sababu linahusu pesa yako iliyolala ndani ya mzigo.

Wengi wetu hapa tumeshawahi kumiliki kitochi cha Nokia. Wakenya wanakiita mulika mwizi. Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003, ina tochi kichwani, vumbi haliingii kirahisi kwenye batani, na ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Kampuni hiyo kutoka Finland ilikuwa namba moja kwa kuuza simu tangu mwaka 1998. Ndani ya miaka michache ikaporomoka mpaka kitengo chake cha simu kikauzwa kwa Microsoft.

Mimi nauza mikoba mtandaoni, lakini nina wenzangu wauza simu, na hii habari ya Nokia kila tukiigusa tunagombana. Mmoja anasema bosi aliyeletwa ndiye aliyeua kampuni. Mwingine anasema jamaa alikuta mgonjwa yuko mahututi, sasa mnamlaumu daktari. Leo nawawekea pande zote mbili, halafu nawaambia mimi nasimama wapi na sisi wadogo tunajifunza nini.

KILICHOTOKEA

Septemba 2010 Nokia ilimleta Stephen Elop, raia wa Canada aliyetokea Microsoft, awe mkurugenzi mtendaji. Alikuwa wa kwanza asiye Mfini kushika nafasi hiyo. Hali aliyoikuta haikuwa nzuri. iPhone ilikuwa imeshaingia sokoni tangu 2007, Android inakua kwa kasi, na simu janja za Nokia zilikuwa zinatumia mfumo wa zamani unaoitwa Symbian. Mwaka 2007 karibu nusu ya simu janja duniani zilikuwa za Nokia. Kufika mwisho wa 2010 ilikuwa imebaki kama theluthi moja hivi.

Februari 2011 Elop aliwaandikia wafanyakazi wake barua. Aliwasimulia habari ya mtu aliye kwenye mtambo wa mafuta katikati ya bahari, mtambo unawaka moto, na inabidi achague kuungua au kurukia maji ya barafu. Akawaambia Nokia nayo imesimama juu ya mtambo unaoungua. Akaeleza wazi kwamba Symbian imeshindwa kushindana, na kwamba mfumo mpya waliokuwa wanautengeneza wenyewe, MeeGo, unachelewa. Barua ilikuwa ya ndani, lakini ikavuja na dunia nzima ikaisoma.

Tarehe 11 Februari akatangaza rasmi: simu janja za Nokia zitahamia kwenye mfumo wa Microsoft, Windows Phone. Siku hiyohiyo bei ya hisa za Nokia ikashuka kwa takriban asilimia 14.

Sasa sikiliza kwa makini. Nokia hiyohiyo ilisema bado inategemea kuuza simu nyingine za Symbian zipatazo milioni 150. Na simu yao ya kwanza ya Windows, Lumia 800, ilikuja kuingia madukani Novemba 2011. Hesabu mwenyewe, ni miezi 9. Miezi 9 unauza bidhaa ambayo wewe mwenyewe umeshaitangazia dunia kwamba haina maisha.

WANAOMTETEA WANASEMAJE

Hoja zao si za kitoto, tuwape haki yao.

Kwanza, moto ulikuwepo kweli. Elop hakuuwasha yeye. Symbian ilitengenezwa enzi za simu za batani, na kuigeuza iwe ya kugusa kioo ilikuwa shida. Hata huku kwetu Nokia ilishaanza kuteleza. Watu walikuwa wanataka simu ya laini mbili ili wawe na mitandao miwili kwenye simu moja, Tecno na simu nyingine za Kichina zikawapa, Nokia ikachelewa.

Pili, wanasema hata Android isingekuwa dawa ya uhakika. Elop aliogopa kwamba kwenye Android kampuni moja itawameza wengine wote, na kweli Samsung ikatanda. HTC iliyotamba na Android ilishuka sana. LG nayo ilitangaza kuacha kabisa biashara ya simu mwaka 2021. Kwa hiyo kusema tu "angechukua Android angepona" ni rahisi ukiwa umekaa kijiweni.

Tatu, kampuni kubwa kama ile ikiwa na hisa sokoni haiwezi kubadili njia kimyakimya. Wanahisa wana haki ya kujua. Watengeneza programu nao lazima waambiwe mapema, la sivyo simu mpya inatoka haina programu za kutosha.

WANAOMLAUMU WANASEMAJE

Hawa wanakuja na namba. Pamoja na matatizo yote, mwaka 2010 Nokia ilikuwa bado inapata faida na mauzo ya simu janja yalikuwa bado yanapanda. Robo ya pili ya 2010 iliuza simu janja milioni 24. Robo ya pili ya 2011, miezi michache tu baada ya tangazo, ikauza milioni 16.7. Hapo nimelinganisha msimu na msimu, kwa sababu ukilinganisha Desemba na Juni unajidanganya. Wakati huohuo soko zima la simu janja lilikuwa linakua, sio kwamba watu wameacha kununua. Robo hiyohiyo Apple ikaipita Nokia kwa idadi ya simu janja, na Nokia ikaandika hasara ya euro milioni 368.

Je, yote hiyo ni sababu ya maneno ya bosi? Hapana, Android ilikuwa inakula soko kila siku. Lakini fikiria kama muuza duka. Umejaza kabati la simu za Symbian. Unasikia mwenye kiwanda mwenyewe anasema mfumo huu basi. Utaagiza mzigo mwingine? Huagizi. Mteja naye akisikia, atanunua leo au atasubiri hizo mpya? Atasubiri, na akichoka kusubiri ananunua ya jirani. Mtengeneza programu naye anafunga kompyuta anaondoka. Hakuna aliyefanya kosa hapo, kila mtu amelinda pesa yake.

Halafu kuna suala la kuegemea paa la mwenzio. Juni 2012 Microsoft ilitangaza Windows Phone 8, na simu za Lumia zilizokuwa zimeshauzwa hazikuweza kupandishwa kwenda kwenye mfumo huo mpya. Lumia 900 ilikuwa imeingia soko la Marekani Aprili ya mwaka huohuo! Kwa hiyo mteja wa Nokia akaambiwa kwa mara ya pili ndani ya miezi kumi na sita kwamba simu aliyonayo imepitwa. Safari hii uamuzi haukutoka hata kwa Nokia yenyewe.

Mwezi huohuo Nokia ilitangaza kupunguza watu 10,000 kazini. Septemba 2013 ikakubali kuuza biashara ya simu kwa Microsoft, pamoja na leseni za hataza, kwa euro bilioni 5.44. Microsoft nayo haikufaidi. Mwaka 2015 ilifuta kwenye vitabu vyake dola bilioni 7.6 kwa sababu ya biashara hiyo. Nokia yenyewe ilibaki hai kwa kutengeneza mitambo ya mitandao ya simu.

MIMI NASIMAMA WAPI

Kwa maoni yangu watu wanachanganya mambo mawili. Kuna UAMUZI wa kuhama, na kuna TANGAZO la kuhama. Uamuzi wa kuachana na Symbian ulikuwa sahihi, hata wanaomlaumu wengi wanakubali. Windows au Android, hapo mtabishana mpaka asubuhi. Lakini tangazo, kwa maneno yale na miezi 9 kabla ya bidhaa mpya kufika, hilo ndilo nalilaumu. Kweli asingeweza kunyamaza kabisa. Ila kusema "tunaleta kipya, na hiki kilichopo tutakihudumia" ni tofauti na kusema nyumba inaungua wakati bado una simu milioni 150 za kuuza kutoka kwenye nyumba hiyohiyo.

Wazee walishasema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

SASA TULETE KWENYE BIASHARA YAKO

Tuseme una mikoba 60, umeinunua kwa 18,000 kila mmoja. Mtaji uliolala hapo ni 1,080,000. Unauza 28,000, ukimaliza yote unapata 1,680,000, faida 600,000 kabla ya bando na bodaboda.

Sasa umepata picha za toleo jipya kutoka kwa anayekuletea mzigo. Kwa furaha unaweka stetasi: "Mzigo mpya wa nguvu unakuja wiki tatu zijazo, hii sio kama ile ya mwanzo, hii ni ngozi ya maana!" Ukishaandika hivyo, umemwambia mteja kwamba ile ya mwanzo si ya maana. Unauza mikoba 20 tu kwa bei yako, unapata 560,000. Wengine wanasubiri. Mzigo mpya unachelewa, pesa ya kuulipia imekwama kwenye mikoba 40, mwisho unaitupa kwa 17,000, unapata 680,000. Jumla 1,240,000. Faida yako imebaki 160,000. Sentensi moja ya stetasi imekugharimu 440,000, na bado hujamlipa bodaboda.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Hesabu kabla hujatangaza. Kabla ya kuposti habari ya mzigo mpya, jua una vipande vingapi vya zamani na vimebeba mtaji kiasi gani. Vikiwa vingi, nyamaza kwanza, uza.

2. Tangaza kitu ukiwa umeshakishika. Picha ya muuzaji wa China sio mzigo. Mzigo ni ule uliofika, ukaufungua, ukaukagua. Ukihitaji oda za kulipia kabla, ongea na wateja wako wa kudumu mmojammoja, usilipigie ukurasa mzima baragumu.

3. Isifie mpya bila kuiponda ya zamani. Badala ya "hii ndiyo bora", sema inamfaa nani. "Huu mkubwa ni wa kazini, ule mdogo ni wa mtoko." Vyote viwili vinabaki na mteja wake.

4. Chunga unachoandika kwenye kundi la ndani. Barua ya Elop ilikuwa ya wafanyakazi tu. Leo kuvuja kunaitwa skrinishoti. Ukimwandikia msaidizi wako "hizi takataka zitoke haraka", jua kuna siku mteja atazisoma.

5. Usijenge biashara yote juu ya paa la mtu mmoja. Nokia ilimtegemea Microsoft, na Microsoft akabadilisha mambo. Wewe unategemea ukurasa mmoja? Muuzaji mmoja wa jumla? Andika namba za wateja wako kwenye daftari, na uwe na muuzaji wa pili hata kama bei yake iko juu kidogo.

6. Moto ukiwa wa kweli, ruka. Nisieleweke vibaya, sisemi ung'ang'anie bidhaa iliyokufa. Nokia iliumia pia kwa sababu ilichelewa kubadilika kabla Elop hajafika. Bidhaa haitoki miezi mitatu, ishushe bei kimyakimya kwa wateja wa kudumu, hata kwa bei ya kununulia, uokoe mtaji uhamie kwingine.

Na la mwisho, la uaminifu. Kutotangaza mzigo unaokuja sio kuficha kasoro. Mkoba ukiwa na zipu mbovu, mwambie mteja kabla hajalipa. Na mteja akikuuliza mwenyewe, "Dada, kuna mpya zinakuja?", mjibu ukweli: "Ndiyo, nategemea, ila sina tarehe ya uhakika. Huu ninao leo na unakufikia leo." Hapo hujamdanganya, na hujaitukana bidhaa yako.

KAZI YA LEO: kabla hujalala, fungua maboksi yako, hesabu vipande vilivyobaki, zidisha kwa bei uliyonunulia. Halafu rudi kwenye posti zako tano za mwisho uangalie kama kuna mahali umeuponda mzigo ambao bado unao ndani. Ukiikuta, ifute leoleo.

Na wewe unamuonaje Elop, aliua au alikuta mgonjwa mahututi? Niandikie hapo chini, hasa nyie wauza simu. Na kama kuna mwenzako ana mzigo umekwama, mtumie somo hili. Biashara njema.