Siku za Wazazi Kambini: Somo Linaloanza kwa Mtoto Asiyetembelewa

UTANGULIZI

Mwalimu wa shule ya msingi hukabidhiwa kazi nyingi ambazo hazimo katika muhtasari wa masomo. Mojawapo ni ulezi wa skauti. Mwalimu ataambiwa awapeleke watoto kambini kwa juma zima, na mwisho wa juma hilo wazazi watakuja kuwatembelea. Wengi wetu hudhani kwamba wazazi wakifika kazi ya mwalimu imekwisha. Katika somo hili tunakusudia kuonyesha kwamba Jumamosi na Jumapili hizo ni somo kamili, lenye madhumuni, zana na tathmini yake, na kwamba lisipoandaliwa huweza kubomoa kwa saa moja yale yaliyojengwa kwa siku tano.

MADHUMUNI

Baada ya kusoma somo hili mwanachuo aweze:
(a) kueleza kwa nini kikosi kidogo cha watoto ndicho msingi wa mafunzo ya kambi;
(b) kuandaa siku za wazazi bila kumwacha mtoto yeyote pembeni;
(c) kuyatumia maarifa ya wazazi kama zana ya kufundishia.

KOSA LETU

Miaka michache iliyopita tulisaidia kuendesha kambi kubwa nje kidogo ya mji wa Mbeya, wakati wa likizo ya Juni. Watoto walitoka shule za Mbeya na za Iringa. Tuliwachanganya katika vikosi vya watoto wanane wanane, na kila kikosi kilichagua kiongozi wake. Kilijipikia, kilichota maji yake na kulinda hema lake. Kufikia Ijumaa watoto waliokuja wageni walikuwa wakiitana ndugu.

Jumamosi wazazi walifika. Tulikuwa tumeandaa gwaride, hotuba na viti vya wageni. Baada ya gwaride kila familia ilimchukua mtoto wake, ikaketi chini ya mti wake na kufungua chakula chake: ndizi, wali, kuku wa kukaanga. Nusu saa haikupita, vikosi vyote vilikuwa vimevunjika.

Katika kikosi kimoja watoto watano walitembelewa. Watatu, wote wa upande wa Iringa, hawakupata mgeni. Toka Iringa hadi Mbeya ni zaidi ya kilometa 300 za barabara, kupitia Mafinga na Makambako. Nauli ni ghali, na Juni ni wakati wa kuvuna mahindi. Wazazi hao hawakukosa upendo, walikosa nafasi. Lakini mtoto aliyekaa peke yake hapigi hesabu ya nauli. Mmoja wa hao watatu alikuwa kiongozi wa kikosi, msichana wa darasa la sita. Tulimkuta nyuma ya jiko akisugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

“Unafanya nini?” tulimwuliza.

“Nasafisha, mwalimu.”

Jioni ile hakutoa amri hata moja, na hakuna aliyemwuliza. Wawili katika kikosi chake waligombania kipande cha nyama. Sisi tuliokuwa tumepanga hata mahali pa kusimama mpiga ngoma hatukuwa tumepanga lolote kwa ajili ya mtoto asiyetembelewa.

Aliyeturekebisha hakuwa mkufunzi. Jumapili asubuhi mama mmoja kutoka Rungwe aliwaona wale watatu, akatandika kitenge chake katikati ya hema na jiko, akaita kikosi kizima. “Watoto wa kundi moja hawali mafungu mawili,” alisema. Yule kiongozi akainuka, akaenda kuleta mabakuli manane. Alipoyagawa, tulisikia tena sauti yake ya Ijumaa.

ASILI YA MBINU HII

Tendo la mama yule lina mizizi mirefu. Zamani, mvulana wa Kinyakyusa alipofikia umri wa miaka kumi hivi aliacha kulala nyumbani kwa baba yake, akaenda kuishi na wenzake wa rika moja katika vibanda walivyojijengea wenyewe. Mchana walilima mashamba ya baba zao. Wakati wa chakula walikwenda pamoja kula kwa mama zao, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mtaalamu Monica Wilson, aliyefanya utafiti Rungwe katika miaka ya 1930, alieleza desturi hiyo katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951. Alionyesha pia uzito wa neno la Kinyakyusa ukwangala, yaani kufurahia kuishi na wenzako kwa wema. Kwa wazee wale, mtoto hakuweza kujifunza utu akiwa peke yake, na mama aliyempikia mwanawe alijua kwamba anawapikia pia wenzake.

Skauti nayo ilianza kwa wazo la jamii hiyo. Mwezi Agosti 1907 Robert Baden-Powell aliwapeleka wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Wengine walitoka shule za matajiri, wengine familia za wafanyakazi. Aliwagawa katika vikosi vinne, kila kimoja na kiongozi wake mtoto. Mbinu hiyo ilienea duniani. Chama cha skauti cha nchi yetu kiliingia katika shirika la skauti la dunia mwaka 1963. Mwalimu Nyerere naye, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alisisitiza kwamba shule ijenge moyo wa kushirikiana, tena isimtenge mtoto na jamii yake. Siku za wazazi kambini zinayakutanisha mambo hayo mawili: ushirikiano wa watoto na jamii iliyowazaa.

MAANDALIO

1. Kabla ya kambi, uliza kila familia kama itaweza kuja. Andika majina ya watoto ambao hawatatembelewa. Orodha hiyo ndiyo mwanzo wa andalio lako. Usiisome mbele ya watoto.

2. Gawa vikosi kwa kuzingatia orodha hiyo, ili kila kikosi kiwe na familia mbili au tatu zitakazofika.

3. Waandikie wazazi barua fupi: “Mtakuwa wageni wa kikosi. Chakula mtakacholeta kitaliwa na kikosi chote.” Mzazi akijua mapema haoni haya wala hakasiriki.

4. Wape watoto kazi ya kupokea wageni. Kiongozi wa kikosi awakaribishe, awaonyeshe hema, choo na mahali pa kunawa. Mwalimu asimame nyuma.

5. Wasaidie watoto ambao hawatatembelewa kuandika barua nyumbani, na uhakikishe wanapewa kazi ya heshima siku hiyo, si kazi ya kuwasahaulisha.

MFANO WA SHUGHULI

Hisabati. Kikosi cha watoto 8 kinapokea wageni 5. Kila mtu atahitaji gramu 250 za unga wa ugali. Watoto wakokotoe: 13 × 250 = gramu 3,250, yaani kilo 3 na robo. Wapime wenyewe. Wakikosea, ugali utawaambia.

Kipimo cha mti. Fimbo ya meta 1 iliyosimamishwa wima ina kivuli cha sentimeta 80. Wakati huohuo kivuli cha mti ni meta 9.6. Urefu wa mti ni 9.6 ÷ 0.8, yaani meta 12. Mtoto amfundishe baba yake hesabu hii. Anayeweza kufundisha ameelewa.

Kazi za mikono. Wazazi wa Iringa wajuao kusuka vikapu vya milulu, na wale wajuao kufunga mianzi, waongoze somo la kamba na mafundo. Mzazi mmoja afundishe kikosi kizima, asimfundishe mwanawe peke yake.

Moto wa kambi. Wazee wasimulie habari za mahali watokapo: Mkwawa na ngome yake ya Kalenga, zana za mawe za Isimila, ziwa la Ngozi lililomo katika shimo la volkano. Watoto waulize maswali.

TAHADHARI

Maji ya kunywa yachemshwe. Choo kiwe angalau meta 30 kutoka kwenye chanzo cha maji. Usiku wa Juni katika nyanda hizi ni wa baridi kali. Kagua mablanketi kabla ya taa kuzimwa. Moto uzimwe kwa maji na udongo hadi majivu yapoe. Mtoto asiondoke kambini, hata na mzazi wake, kabla jina lake halijaandikwa daftarini. Jambo jingine ni la mwalimu mwenyewe: mzazi akianza kumfanyia mtoto kazi yake, mwombe kwa heshima amwachie. Kuni zikigoma kuwaka, vumilia; mtoto atajifunza kwa moshi ule.

TATHMINI

Mwalimu asitathmini kwa uzuri wa gwaride. Jumapili jioni ajiulize: Je, kikosi bado ni kimoja? Kiongozi wake bado anaongoza? Kuna mtoto aliyekula peke yake? Jibu la swali la mwisho likiwa “ndiyo”, somo halikufanikiwa, hata kama wageni wote wameondoka wakishukuru.

HITIMISHO

Yaliyotupata kambini hutokea pia shuleni: siku ya kufunga shule, siku ya michezo, siku ya kupokea matokeo. Kila mara wazazi waitwapo yupo mtoto anayetazama njia bila kumwona mtu. Mwalimu mwema humjua mtoto huyo kabla ya siku kufika.

MAZOEZI

1. Andika andalio la Jumamosi moja ya wazazi kwa vikosi vinne vya watoto wanane. Watoto kumi hawatatembelewa.
2. Mzazi anakataa chakula chake kiliwe na kikosi. Jadilini katika vikundi namna ya kuzungumza naye.
3. Waulize wazee wa kwenu jinsi vijana wa rika moja walivyoishi na kula pamoja zamani. Ni lipi katika desturi hizo lingefaa darasani?