KIKUZI, KIRUDISHI AU KIPOKEZANISHI? Istilahi na Uteuzi wa Vifaa vya Kuimarisha Mtandao wa Nyumba: Mfano wa Buyangu

Utangulizi

Mnunuzi anayeingia katika duka la vifaa vya elektroniki na kuomba "busta" anaweza kuuziwa kifaa chochote kati ya vitatu. Cha kwanza hukuza mawimbi ya simu yatokayo mnarani. Cha pili hupanua eneo la waifai kutoka kwenye ruta. Cha tatu hupokea ujumbe mfupi wa kihisi cha mlango, cha mwendo au cha tangi la maji, kisha huupitisha kwa kifaa jirani mpaka ufike kwenye kitovu kinachoongoza vifaa vyote vya nyumba. Vifaa hivi havifanyi kazi moja, na kimoja hakiwezi kushika nafasi ya kingine. Muuzaji hana lawama kubwa, kwa maana lugha yenyewe imempa neno moja tu. Makala haya yanachunguza istilahi zinazoweza kuvitenganisha vifaa hivyo, na jinsi istilahi ifaayo inavyoweza kumwongoza mtu kuchagua kifaa kifaacho.

Mfano utakaotumiwa ni wa boma la kubuni lililoko Buyangu, kaskazini mwa Msitu wa Kakamega. Upande huo ndio ulio na Hifadhi ya Taifa ya Kakamega, iliyotangazwa mwaka 1985 na inayosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Mashamba yamepakana na msitu, na wakulima wa huko wanawajua vyema nyani na tumbili wanaovuka mpaka mahindi yanapokomaa. Tuseme boma hilo lina nyumba kubwa ya matofali iliyoezekwa mabati, jiko la nje lenye kuta za mabati, isimba ya kijana wa kiume, tangi la maji, na kihisi cha mwendo kilichofungwa mwisho wa shamba ili kutoa habari za wageni hao wa msituni. Kitovu kimewekwa sebuleni. Kihisi cha mlango wa mbele kinasikika vizuri. Cha tangi husikika siku za jua na kunyamaza siku za mvua. Cha shambani hakisikiki kabisa. Mwenye boma anatumwa mjini kununua "busta".

Maneno yaliyopo na kasoro zake

Tumbo-Masabo na Mwansoko, katika Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili (TUKI, 1992), wanajadili njia mbalimbali za kuunda istilahi, zikiwemo unyambuaji, uambatanishaji, upanuzi wa maana na ukopaji. "Busta" ni zao la ukopaji. Halina ubaya kwa kuwa limekopwa, kwani "redio" na "kompyuta" yamekopwa pia na hayamchanganyi mtu. Kasoro yake ni kwamba limekopwa bila mipaka.

Pendekezo la kwanza linalomjia mwanafunzi wa mofolojia ni "kikuzi" au "kikuza mawimbi", kwa mfano wa "kikuza sauti". Neno hili linafaa sana kwa kifaa cha simu, kwa sababu ndivyo kinavyofanya kazi: huchukua wimbi lilivyo na kuliongezea nguvu pamoja na makelele yote yaliyomo, kama vile kikuza sauti cha harusini kinavyokuza hotuba na kilio cha mtoto kwa pamoja. (Ni vyema kukumbuka kwamba kifaa hicho kinahitaji idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, kwani kikiwa kibovu huwavurugia majirani simu zao.) Lakini kifaa cha tatu hakikuzi. Husoma ujumbe, huuhakiki kama umefika mzima, kisha huutunga upya na kuutuma ukiwa safi. Ukiwa umeharibika, huuacha. Kukiita kikuzi ni kukisingizia kazi isiyo yake.

"Kirudishi" ni pendekezo la pili, nalo lina hitilafu ya kisemantiki. Kurudisha ni kupeleka kitu kilikotoka. Katika boma letu, virudishi hasa ni mabati ya jiko, ambayo wimbi likiyagonga hurudi lilikotoka! "Kirudiaji" ni nafuu, maana kurudia neno si kulirudisha. Hata hivyo, neno hilo halionyeshi kwamba kuna anayepokea upande wa pili. Wapo watakaopendelea kupanua maana ya "tarishi", neno la zamani na zuri, kwa kuwa tarishi huichukua barua na kuifikisha bila kuiongezea wino. Tatizo ni kwamba tarishi huenda mwenyewe hadi mwisho wa safari, ilhali kifaa hiki husimama pale pale na kukabidhi.

Wazo la kukabidhi tayari tunalo katika "mbio za kupokezana vijiti". Kila mkimbiaji hupokea, hukimbia sehemu yake, hukabidhi. Kutokana na "pokezana" tunaweza kupata "kipokezanishi", yaani kifaa kinachoviwezesha vingine kupokezana. Yapo malalamiko mawili. Neno lina silabi sita, na limekaribiana mno na "kipokezi", ambalo limekwisha kuzoeleka kwa kifaa cha kupokea tu. La kwanza si zito: "king'amuzi" lilionekana geni pia, lakini uhamiaji wa matangazo ya dijitali, Tanzania kuanzia mwisho wa mwaka 2012 na Kenya mwaka 2015, ulilipeleka mpaka vijijini. La pili ni zito kidogo. Lakini ukaribu huo una ukweli ndani yake, kwa sababu kila kipokezanishi ni kipokezi kwanza, na jambo hili litatusaidia hivi punde. Kwa kifaa cha pili, "kipanuzi cha waifai" linatosha.

Kutoka istilahi hadi uteuzi

Mtu akishafahamu kwamba anatafuta kipokezanishi, swali la kwanza dukani hubadilika. Haulizi tena "kina nguvu kiasi gani?" bali "kinapokezana na nani?". Wakimbiaji wa timu mbili hawapeani kijiti. Vihisi vinavyotumia Zigbee, ambayo vipimo vyake vya kwanza viliidhinishwa mwaka 2004, havisikii kipanuzi cha waifai hata kikiwekwa sentimita 10 kando yake. Kipanuzi hicho chaweza hata kudhuru, kwa vile Zigbee na waifai nyingi hugawana masafa yale yale ya gigahezi 2.4. Z-Wave, iliyoasisiwa na kampuni ya Zensys ya Denmark, ina mtego wake: vifaa vya soko la Ulaya hutumia megahezi 868 na vya Marekani megahezi 908, kwa hiyo kipokezanishi alicholetewa mtu na ndugu yake aliyeko ng'ambo chaweza kuwa kizima kabisa na kisisikilizane na kitovu. Plagi na volti nazo zitazamwe. Umeme wa Kenya ni wa volti 240.

Swali la pili ni chanzo cha nguvu. Kihisi cha betri hulala muda mwingi ili betri idumu, na aliyelala hapokezani. Katika mitandao hii kazi ya kupokezana hufanywa na vifaa vilivyounganishwa na umeme wa nyumba. Kuongeza vihisi kumi vya betri shambani hakutauimarisha mtandao hata kidogo. Balbu za kisasa huweza kupokezana, japo si zote, lakini hazipendekezwi katika nyumba ambayo watu wamezoea kuzima taa ukutani. Nyanya akizima taa ya isimba kwa nia njema ya kupunguza bili, njia ya ujumbe imekatika. Soketi yenye uwezo huo, iliyochomekwa mahali pasipoguswa, ni bora zaidi.

Mahali pa kukiweka ndipo ukaribu wa "kipokezi" na "kipokezanishi" unapofaa. Wengi hukipeleka kifaa pale palipo na shida, yaani karibu na kihisi kilichonyamaza, wakidhani kitatoa nguvu huko. Lakini kifaa kisichopokea hakina cha kukabidhi. Hukaa katikati, mahali ambapo bado kinakisikia kitovu vizuri. Ndani ya nyumba, Zigbee huweza kutarajiwa kufika mita 10 hadi 20, na kuta nene hupunguza umbali huo. Katika boma letu, cha kwanza kikae kwenye dirisha la nyumba kubwa linaloelekea uani, wala si jikoni, kwa kuwa kuta za mabati zingekifungia kama sandukuni. Cha pili kikae isimbani, upande wa shamba.

Kati ya isimba na shamba kuna migomba, na Buyangu ni nchi ya mvua. Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12 na nusu hivi, nalo hufyonzwa na maji yaliyomo na yaliyo juu ya majani. Ndiyo sababu kihisi cha tangi kinabadilika na hali ya hewa. Wimbi la megahezi 868, lenye urefu wa karibu sentimita 35, hustahimili majani vizuri zaidi. Kwa mtu ambaye bado hajanunua chochote na ambaye shamba lake limegusa msitu, hoja hii yafaa kupewa uzito kuliko bei. Naye asidhani kwamba anaweza kupanga vipokezanishi bila kikomo, maana Z-Wave ya kawaida hairuhusu zaidi ya vinne katika safari moja ya ujumbe.

Linabaki suala la umeme kukatika. Vipokezanishi vikizimika, vihisi vya betri hubaki macho vikiita bila kuitikiwa, na hilo hutokea aghalabu wakati wa dhoruba. Kwa kuwa kitovu na vipokezanishi viwili hutumia umeme mdogo mno, betri ndogo inayochajiwa kwa sola yaweza kuviendesha usiku kucha. Umeme urudipo, au kifaa kipya kiongezwapo, mtandao usihukumiwe papo hapo. Vihisi vingine hung'ang'ania mkabidhiwa wa zamani hata kama yupo wa karibu zaidi. Hupewa siku moja au mbili vitafute njia, na vikikataa, huondolewa mtandaoni na kuunganishwa upya vikiwa pale pale vitakapofanyia kazi.