Jiji Janja: Tupime Kwanza, Tununue Baadaye

Nyumbani tukimwita mtu mjanja, mara nyingi tunamaanisha anajua kukwepa nauli ya daladala. Wataalamu wakisema "jiji janja" wana maana nyingine: jiji linalokusanya takwimu za maji, umeme, usafiri na kadhalika, kisha likazitumia kufanya maamuzi. Sasa, utajuaje kama jiji liko tayari?

Mwaka 2014 shirika la viwango la kimataifa, ISO, lilitoa kiwango namba 37120, chenye vipimo vya huduma za jiji na hali ya maisha. Mwaka 2019 likatoa namba 37122, cha majiji janja, ambacho hutumika pamoja na kile cha kwanza. Yaani huduma kwanza, ujanja baadaye.

Tuchukue Dar es Salaam, ambako sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Mimi huuliza maswali manne.

1. Jiji linajijua? Kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi na wakazi kuchora nyumba, njia na mitaro ya maeneo ya mafuriko. Mwaka 2022 ikaja Operesheni ya Anwani za Makazi. Hapa kuna maendeleo.

2. Msingi ni imara? Mabasi yaendayo haraka yalianza 2016, Kimara hadi Kivukoni. Lakini karakana yake ikajengwa Jangwani, bondeni mwa Msimbazi, na mafuriko yakaingia. Tiketi ya kielektroniki haizuii maji.

3. Wananchi wanafikika? M-Pesa ilipoingia Tanzania 2008 ilifanya kazi hata kwenye simu ya tochi. Basi na tahadhari ya mafuriko ipitie ujumbe mfupi, isisubiri kila mtu anunue simu ya bei mbaya.

4. Nani atachukua hatua? Kifaa cha kupima kina cha mto kikilia saa nane usiku, nani anaamka? Gari lina mafuta? Watu wahamie wapi? Na betri zikifa mwaka wa tatu, fedha ya kununua nyingine iko fungu gani?

Kila swali lipe alama kati ya 0 na 1. Wengi hapo hutafuta wastani, na ndipo tunapojidanganya. Tuseme jiji limepata 0.9 mara tatu, na swali la nne 0. Wastani ni karibu 0.68, na picha inapendeza. Mimi nasema tuzidishe: jibu ni 0. Kengele isiyo na wa kuitikia haiokoi mtu hata mmoja.

Wenzangu, kesho baadhi yetu tutakaa kwenye ofisi za halmashauri zetu, na muuzaji atakuja na picha nzuri za mitambo. Mkaribisheni chai, kisha mwanzieni na swali la nne.