Ubao Unaopinda Bila Kuvunjika: Somo kwa Maseremala

Mwaka 1924, seremala wa mji wa Sainte-Claire, jimbo la Quebec nchini Kanada, aliletewa kazi ambayo hakuizoea. Eugène Prévost alikuwa akitengeneza viti vya kanisani na samani za shule. Mteja alikuwa na chesisi mpya ya lori aina ya REO, akataka ijengewe bodi ya basi. Prévost akaijenga kwa mbao. Karakana hiyo ndiyo chimbuko la kampuni ya Prevost, ambayo mabasi yake leo hugeuzwa kuwa magari ya kuishi ya kifahari: nyumba nzima yenye jikoni, bafu na chumba cha kulala, urefu wa takriban mita 13.7, juu ya magurudumu. Baadhi huuzwa kwa zaidi ya dola milioni 2 za Marekani.

Hapa Kenya pia mabasi na matatu nyingi hujengewa bodi na mafundi wetu juu ya chesisi ya lori, kwa hiyo hadithi ya Prévost si ya mbali sana. Lakini kinachomfaa zaidi seremala wa kaunti ni kazi ya mbao iliyo ndani ya magari hayo. Makabati yake yana milango iliyopinda na kona za mviringo, na sababu si urembo pekee. Basi lina upana wa mita 2.6 hivi. Ukiweka makabati pande zote mbili, njia inayobaki ni nyembamba, na kona kali humgonga mtu nyongani kila anapopita. Jikoni ndogo ya nyumba ya kupanga ina shida hiyo hiyo.

Kuna njia tatu kuu za kupata ubao uliopinda. Ya kwanza ni kuuchanja chale kwa nyuma kwa msumeno, ukibakiza milimita 2 au 3 upande wa mbele, kisha kuukunja. Ni ya haraka, lakini ubao hubaki dhaifu na michirizi ya chale inaweza kujitokeza mbele baada ya vanishi. Inafaa kwa sehemu isiyobeba mzigo.

Ya pili ni mvuke. Ubao hufungiwa ndani ya sanduku la mvuke kwa takriban saa moja kwa kila milimita 25 za unene, kisha hukunjwa upesi kabla haujapoa. Mbao zilizokaushwa kwa hewa hukubali kuliko zilizokaushwa kwa tanuri. Upande wa nje ndio hupasuka, kwa sababu mti huvumilia kubanwa kuliko kuvutwa. Ndiyo maana Michael Thonet, bingwa wa viti vya mbao zilizopindwa katika karne ya 19, alifunga ukanda wa chuma upande huo.

Ya tatu ndiyo inayofaa zaidi kwa milango ya makabati: kugandisha tabaka nyembamba juu ya kalibu. Ubao huchanwa vipande vya milimita 3 au chini ya hapo. Kona ikiwa kali, vipande viwe vyembamba zaidi. Kila kipande hupakwa gundi, vyote hupangwa juu ya kalibu, nyuzi za mti zikifuata mpindo, kisha hubanwa kwa klampu kuanzia katikati kwenda pembeni. Viachwe hadi kesho yake. Gundi nyeupe ya kawaida hulegea polepole chini ya mvuto, hasa penye joto, hivyo gundi ngumu ya kuchanganya ni salama zaidi. Hata hivyo mbao zitarudi nyuma kidogo zikifunguliwa. Kalibu ikaze mpindo kuliko unaotakiwa, na kipande cha majaribio kitangulie.

Hapa ndipo fundi anaweza kula hasara. Mlango wa milimita 18 unahitaji tabaka 6 za milimita 3. Msumeno unaokula milimita 3 kila unapopita utafanya mikato 5, yaani milimita 15 za vumbi. Kwa hivyo mlango wa milimita 18 umemeza ubao wa milimita 33, bado hujapiga randa. Anayepiga bei kwa unene wa mlango uliokamilika amemlipia mteja karibu nusu ya mbao. (Vumbi lenyewe ni jingi, barakoa ivaliwe.)

Kuna na kalibu, ambayo inaweza kuchukua muda mrefu kuliko mlango wenyewe. Mlango mmoja ukiagizwa, unabeba gharama yote ya kalibu. Milango minane ya mpindo mmoja inaigawana. Ni busara basi kumshauri mteja atumie kipimo kimoja cha mviringo katika jikoni nzima, na kuiandika kalibu kama mstari wake peke yake kwenye makadirio ya bei. Baada ya kazi isichomwe kuni. Iandikwe kipimo chake kwa kalamu na itundikwe ukutani, tayari kwa mteja mwingine atakayetaka kona ya kipimo hicho.